Mshale Ulitangulia Mzinga

Wageni wa Fort Jesus huipiga picha mizinga. Siwalaumu, ni mikubwa. Lakini Wareno walipouvamia mji wa Mombasa mwaka 1505, miaka 88 kabla ya ngome hiyo kuanza kujengwa, kilichowalaki vichochoroni ni mishale, na mawe yaliyovurumishwa kutoka juu ya mapaa. Silaha za kale mno, na ziliuma.

Ukale wenyewe tunaupimia Panga ya Saidi, pango la mawe ya chokaa huko Kilifi, kama kilomita 15 kutoka baharini. Humo alizikwa mtoto wa miaka mitatu hivi, miaka 78,000 iliyopita. Habari zake zilivuma dunia nzima mwaka 2021. Mimi huvutiwa zaidi na mawe. Kuanzia miaka 67,000 hivi iliyopita zana za pangoni zinaanza kuwa ndogo, nyingine vipande vya kwatzi visivyofika ukubwa wa ukucha.

Kijiwe cha namna hiyo hakishikiki, kinataka kupachikwa kwenye ufito kwa utomvu. Mkuki unategemea uzito wake. Ncha nyepesi huufaa mshale. Na kwa kuwa upinde na upote huoza, mtaalamu huisoma ncha: imevunjika vipi, ina upana gani, imebaki na gundi? Kwa njia hiyo watafiti waliona dalili za upinde huko Sibudu, Afrika Kusini, zenye umri wa miaka zaidi ya 60,000.

Basi kitu chepesi hivyo humwangushaje mnyama mkubwa? Waulize Waata, waliokuwa wawindaji wa ndovu katika nyika ya Tsavo, ambao pembe zao zilipitia kwa Wamijikenda hadi bandari ya Mombasa. Kuuvuta upinde wao kulitaka nguvu ya pauni 100 na zaidi, ili chembe ipenye ngozi. Kuua ilikuwa kazi ya sumu. Vijiti na magome ya mti uitwao Acokanthera vilichemshwa kwa saa nyingi hadi ibaki lami nyeusi. Ndani yake mna uabaini, ambayo ikiingia kwenye damu husimamisha moyo. Ikipitia tumboni mwili hufyonza kidogo tu, ndiyo maana nyama ililiwa. Madaktari wa Ulaya nao waliwahi kuitumia, kwa vipimo vidogo, kutibu moyo huohuo.

Sehemu ya mshale iliyopakwa ilizungushiwa ngozi nyembamba hadi wakati wa kufuma: sumu isikauke, na mwindaji asijikwaruze.