Kozi ya likizo: wazazi wa Luena, muulize bei yote mbele mutoto apande treni

Kila mwaka kisha Exetat, ulizo ni ile ile mu nyumba nyingi za Luena: mutoto amemaliza humanités, sasa ataingia chuo kikuu namna gani? Fakilte zingine, zaidi udaktari na politekniki, zinachagua wanafunzi kwa mutihani ya kuingia. Ndiyo maana wafinalisti wengi wanatafuta kozi ya kujitayarisha, Kamina ao Lubumbashi, mu miezi ya likizo. Na huko ndiko feza ya jamaa inaishia, hata mutoto hajaitwa bado mwanafunzi.

Tuhesabu pamoja. Masomo ya bure, yenye kuandikwa mu kifungu cha 43 cha Katiba na kuanza kweli mu mwezi wa 9 mwaka 2019, yanaishia kwa masomo ya musingi. Mu sekondari wazazi wanalipa minervali. Mwaka wa mwisho wanaongeza feza ya Exetat. Kisha kozi ya likizo. Malipo tatu kwa mwaka moja, na nyuma kuko wadogo wenye kungojea zamu yao.

Luena ilikomaa na makaa ya mawe na reli. Leo jamaa nyingi zinaishi kwa shamba na biashara ndogo: feza inaingia kidogo kidogo, lakini kozi inaombwa mara moja, na mara mingi kwa dola.

Tena, bei ya kozi si bei yote. Mutoto wa Lubumbashi anarudi kwao mangaribi, anakula bukari ya mama yake. Wa Luena anapanga chumba ao analala kwa mujomba, mwenye watoto wake pia. Weka safari, chakula, silabusi: kozi yenyewe inaweza kuwa ndiyo sehemu ndogo.

Na bourse? Wakubwa wanakumbuka bourse ya wakati wa Zaire. Leo yenye kujulikana sana ni Excellentia ya Fondation Denise Nyakeru Tshisekedi, iliyoanza mwaka 2019. Ni jambo nzuri, lakini inatafuta wale walioongoza kwa Exetat. Mutoto mwenye akili, aliyepata 60% juu alisoma kemia bila kitabu, hana mulango hapo. Na yeye ndiye kozi ingemusaidia zaidi.

Basi, mbele ya kulipa, uliza: bei yote ni ngapi, na silabusi iko ndani? Naweza kulipa mara mbili ao tatu? Mutoto akigonjwa, feza inarudi? Omba karatasi yenye jina, feza na tarehe. Na mutu akikuambia kwamba kozi yake inauza nafasi ya fakilte, rudisha feza mufukoni.

Kuko njia ingine. Wanafunzi wetu wa chuo wanarudi Luena likizo. Komite ya wazazi ao parokia ikitoa kalasi moja, wao wafundishe hesabu na kemia kwa bei ndogo, hakuna chumba ya kupanga. Hapo hata binti atasoma, yule ambaye feza ikitosha mutoto moja tu, anabaki nyumbani na kaka yake anaenda.