Canada: Farasi waliookolewa na barua za watoto

Mbali katika bahari ya Atlantiki, karibu kilomita 300 kutoka mji wa Halifax, inchini Canada, kuna kisiwa cha mchanga mtupu. Kinaitwa Sable, neno la Kifaransa lenye maana hiyo hiyo ya mchanga. Urefu wake unapita kilomita 40, lakini upana haufiki mbili. Mwaka wa 1901 serkali ilipanda maelfu ya miche ili kuushika mchanga. Upepo uliimaliza.

Katika kisiwa hicho wanaishi farasi wa pori karibu 500. Wengi husimulia kwamba waliogelea kutoka meli zilizozama, na kweli zaidi ya meli 350 ziliangamia hapo. Lakini asili yao ni nyingine, tena ya uchungu. Mwaka wa 1755 Waingereza walianza kuwafukuza Waakadia, wakulima wenye kusema Kifaransa, na mifugo yao ikabaki nyuma. Miaka michache baadaye Thomas Hancock, mfanyabiashara wa Boston, alipeleka farasi zao kisiwani.

Mwaka wa 1960 serkali ilitaka kuwaondoa na kuwauza. Watoto wa shule wakamwandikia Waziri Mkuu John Diefenbaker barua nyingi wakimsihi awaache. Mwaka uliofuata sheria ikakataza mtu yeyote kuwasumbua. Tangu hapo hawalishwi wala kutibiwa, na baridi ikiwa kali wengi hufa.

Hawako peke yao. Kila mwisho wa mwaka makumi ya maelfu ya sili wa kijivu hupanda ufukweni kuzaa. Hakuna kundi lao kubwa zaidi duniani. Mavi yao hurutubisha majani ambayo farasi hula. Humo pia hutaga ndege mdogo wa jamii ya shomoro, aitwaye Ipswich, ambaye karibu wote wa aina yake huzalia Sable tu.

Hapo ndipo ugomvi wa leo unapoanzia. Tangu 2013 kisiwa ni hifadhi ya taifa, na hakuna anayeingia bila ruhusa ya Parks Canada. Wataalamu fulani wanasema farasi ni mgeni, anamaliza majani yanayoshika mchanga na kumficha ndege huyo. Wengine wanajibu kwamba baada ya miaka 250 yeye ni mwenyeji kama sili. Parks Canada imezungushia uzio vipande vidogo vya ardhi ili kuona majani yatakavyoota farasi asipofika.