Ufundi wa Kiwandani: Kijana Ajifunze Nini Kabla ya Kusimama Getini

Mwezi huu sisi walimu wa kujitolea tumeona tuongee juu ya jambo ambalo wazazi wanatuuliza kila mara baada ya darasa la Kiingereza: "Mwalimu, mtoto ameachia shule njiani, pesa ya kuendelea hakuna. Tumpeleke wapi ajifunze kazi?"

Swali hili limekuwa zito zaidi siku hizi. Familia nyingi zilikuwa zinangoja safari. Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na watu waliokuwa karibu kupanda ndege wakabaki hapa. Mei mwaka huohuo Shirika la Chakula Duniani likasema limekatia msaada wakimbizi milioni moja wa Uganda kwa kukosa fedha. Sisi wa mjini tulishazoea kujitegemea. Lakini kijana wa miaka 19 anayekaa nyumbani akingoja simu ya safari, miaka yake inakwenda. Na safari ikija siku moja, ufundi hauongezi kilo kwenye sanduku, ataenda nao.

Kazi gani zipo?

Kampala ina viwanda vingi: Nakawa na Ntinda, Kawempe, upande wa Namuwongo, na eneo kubwa la Namanve kwenye barabara ya Jinja. Vinatengeneza sabuni, mafuta ya kupikia, mabati na nondo, plastiki, biskuti, soda, magodoro, nguo. Anayefika getini bila ufundi huchukuliwa kuwa kibarua: kubeba, kupakia, kufunga maboksi. Leo anaitwa, kesho anaambiwa arudi nyumbani. Mwenye ufundi hata kidogo ana nafasi nzuri zaidi: kusaidia fundi wa mashine, kuchomelea, kushona, kupima na kukagua bidhaa.

Tuseme juu ya ushonaji, kwa sababu wasichana wengi wanajifunza huo. Dada anaweza kushona gauni zima likapendeza, lakini kiwandani akashindwa jaribio. Kwa nini? Kiwandani hakuna anayeshona nguo nzima. Mmoja anashona kola tu, mwingine mikono, mwingine anapitisha ovaloki, na kila mmoja anahesabiwa vipande kwa saa. Mashine ni ya umeme, inakimbia sana kuliko ile ya kukanyaga kwa mguu. Basi ukitafuta mahali pa kujifunza, uliza kama mashine za umeme zipo na kama mwanafunzi anazigusa kila siku.

Njia mbili za kujifunza

Njia ya kwanza ni chuo. Kinachojulikana sana ni chuo cha ufundi cha Nakawa, kilichoanza mwaka 1971 kwa msaada wa Japani. Hapo wanafundisha umeme, kuchomelea, magari, useremala na kazi za mashine za chuma. Vyuo vya namna hiyo kwa kozi kubwa huomba cheti cha shule. Kama una diploma ya Kongo, anza mapema kutafuta tafsiri na ulinganisho wake, usingoje wiki ya kuandikishwa. Yapo pia mashirika yanayofundisha wakimbizi hapa mjini, kama Jesuit Refugee Service, na YARID ambayo vijana wakimbizi wenyewe waliianzisha mwaka 2007.

Njia ya pili ni kukaa kwa fundi. Katwe yetu inajulikana Uganda nzima kwa mafundi wa chuma. Milango, majiko, mashine za kufyatua matofali, vyote vinatoka pale. Kijana akikaa kwa fundi mzuri anajifunza upesi, na tena kwa kazi ya kweli. Ubaya wake ni kwamba miaka inaweza kupita bila karatasi yoyote, na bila miwani ya kukinga macho pia.

Kwa ajili ya watu kama hao Uganda iliweka utaratibu wa Worker's PAS. Hukai kuandika insha. Unasimama mbele ya wapimaji, unafanya kazi kwa mikono, nao wanaandika kazi ulizoweza. Zamani ulikuwa chini ya DIT pale Lugogo. Tangu sheria mpya ya mafunzo ya ufundi ya 2025, kazi ya kupima mafundi imewekwa chini ya bodi inayoitwa UVTAB. Kwa hiyo usiridhike na cheti chenye muhuri wa shule tu.

Lugha na vipimo

Jambo hili tunaliona darasani. Kijana anajua Kifaransa safi na Kiswahili, lakini getini askari anamwuliza kwa Kiluganda, na ndani maandishi ya hatari yamebandikwa kwa Kiingereza. Kutoelewa neno "zima" au "usiguse" mbele ya mashine kunaweza kukata kidole. Ajue pia kusoma tepu kwa milimita, kusoma mizani, na tarehe ya kuisha iliyopigwa kwenye pakiti. Hesabu hizo za darasa la sita ndizo zinazotumika kila siku.

Kabla ya kulipa, uliza

Kuna kijana wa darasa letu alitoa akiba ya mama yake kwa dalali aliyemwahidi "kozi na kazi palepale". Mwezi wa pili mlango ulikuwa na kufuli. Tafadhali, kabla ya kutoa shilingi, ulizeni haya:

1. Mtihani wa mwisho unatolewa na nani?
2. Mashine ni ngapi na wanafunzi ni wangapi?
3. Vifaa na mtihani vimo ndani ya karo au vinalipwa mbali?
4. Wanafunzi wanapelekwa kufanya mazoezi wapi, na kwa muda gani?
5. Waliomaliza mwaka jana wako wapi? Ongeeni na wawili wao.

Dai risiti. Na ninyi mlioko makambini, msiuze vitu vya nyumba ili mje Kampala kabla ya majibu haya. Kodi na chakula hapa ni juu yako mwenyewe.

Ukishapata kazi

Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inatupa haki ya kufanya kazi. Waajiri wengine hawaijui, basi tembea na kitambulisho chako na ueleze kwa heshima. Kanuni za ajira za 2011 zinasema mtu asifanyishwe ukibarua zaidi ya miezi minne. Baada ya hapo anastahili mkataba wa maandishi. Kwa NSSF, mfanyakazi anakatwa asilimia 5 na mwajiri anaongeza 10, na tangu 2022 inawahusu waajiri wote, hata mwenye mfanyakazi mmoja. Mshahara wa chini kisheria ni ule wa 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi, yaani haukulindi hata kidogo. Kwa hiyo patana malipo kabla ya kuanza, na ujue ni kwa siku au kwa vipande. Toa nauli kwanza: anayetoka Masajja kwenda Namanve huvuka mji mzima asubuhi na jioni. Na zamu ya usiku, hasa kwa binti zetu, mwulize mwajiri watarudije.

Wazazi, kaeni na kijana mwongee kabla ya kumchagulia fani. Anayeogopa moto hatakuwa mchomeleaji hata ukimlipia miaka mitatu. Wasichana wanaotaka umeme au chuma, wapeni nafasi, tumeona mikono yao haitetemeki. Na kama mmepewa karatasi ya kozi kwa Kiingereza na hamwielewi, ileteni darasani jioni, tutaisoma pamoja kabla hamjaweka sahihi.