Kusafiri Nje ya Nchi na Ugonjwa wa Kutetemeka

Kwa mtu wa Olmotonyi nchi ya nje haiko mbali. Ukishuka hadi barabara kuu, unaona mabasi yakienda Namanga na Nairobi. Wengi wana watoto au ndugu Kenya. Wengine wana watoto ng'ambo. Mtoto akiita, mzazi hutaka kwenda.

Sasa tuseme mzazi huyo ni mzee anayetetemeka mkono. Anatembea polepole, kwa hatua fupi. Majirani wanamwambia, "Mzee, kaa nyumbani. Utaaibika njiani." Je, wana haki? Tusome tuone.

UGONJWA WENYEWE

Ugonjwa huu unaitwa Parkinson. Jina lake linatokana na daktari wa London, James Parkinson, aliyeandika habari zake mwaka 1817.

Ndani ya ubongo mna chembe zinazotengeneza kitu kiitwacho dopamini. Dopamini huusaidia ubongo kuongoza mwendo wa mwili. Chembe hizo zikifa kidogo kidogo, mwili unakuwa mzito. Mkono hutetemeka hata ukiwa umepumzika. Viungo hukakamaa. Sauti hufifia. Hata mwandiko huwa mdogo.

Ugonjwa huu si uchawi wala ulevi, tena hauambukizi. Lakini wengi wanao bila kujua. Jirani zetu wa Wilaya ya Hai walifanyiwa uchunguzi wa nyumba kwa nyumba, na matokeo yake yalitolewa mwaka 2008. Kati ya watu zaidi ya 161,000 walipatikana wagonjwa 33. Zaidi ya robo tatu ya wagonjwa hao walikuwa hawajawahi kuambiwa jina la ugonjwa wao.

Dawa ya kuuponya haijapatikana. Iliyopo ni ya kumpa mgonjwa nafuu, nayo ni levodopa. Kwa kawaida huchanganywa na karbidopa katika kidonge kimoja.

SAA YA DAWA NDIYO SAA YA SAFARI

Levodopa hufanya kazi kwa saa chache tu. Nguvu yake ikiisha, mwili hukakamaa tena. Kwa hiyo mgonjwa huweza kutembea vizuri asubuhi, na baadaye akashindwa kuinuka kitini.

Tuchukue mfano. Mzee wetu anakunywa dawa saa 1 asubuhi, saa 5, saa 9 na saa 1 usiku. Basi linaondoka Arusha saa 2 asubuhi. Mnamo saa 5 huenda yuko Namanga. Hapo kila abiria hushuka, hupanga foleni, huonyesha pasipoti na kugongewa muhuri. Kama dawa yake imefungwa ndani ya sanduku juu ya basi, atakwama wakati ule ule anapohitaji miguu yake.

Basi ashike mambo haya:

1. Dawa akae nayo mwenyewe, pamoja na chupa ya maji. Hata kwenye ndege asiiweke katika mzigo mkubwa. Mzigo huweza kupotea.

2. Achukue dawa ya kutosha na akiba juu yake. Si kila duka la dawa linayo. Kuacha dawa hii ghafla ni hatari.

3. Dawa ikae katika paketi yake. Awe na barua ya daktari inayotaja jina la ugonjwa, jina la dawa na kipimo chake.

4. Asinywe dawa pamoja na nyama, maziwa au maharage. Vyakula hivyo huizuia dawa isiingie vizuri mwilini. Anywe dawa nusu saa au zaidi kabla ya kula. Wenyeji wakimwandalia nyama choma au loshoro, asikatae. Atangulize dawa, kisha ale.

5. Akitapika njiani asikubali dawa yoyote tu. Dawa ya kutapika iitwayo metoklopramidi humzidishia mgonjwa wa Parkinson kukakamaa. Amwulize daktari mapema ni ipi inayomfaa.

AKIPANDA NDEGE

Huenda mtoto yuko Uingereza. Huko saa ziko nyuma ya zetu kwa saa 3 wakati wa baridi, na saa 2 wakati wa joto. Akiwa njiani, mgonjwa asifuate saa ya ukutani. Ahesabu saa zilizopita tangu alipokunywa dawa ya mwisho. Saa yake ya mkononi aiache katika saa za nyumbani mpaka afike. Ratiba ya huko apange na daktari kabla ya kuondoka.

Wakati wa kukata tiketi, aombe kiti cha magurudumu. Asingoje siku ya safari. Si aibu kusukumwa. Viwanja vingine vya ndege ni vikubwa mno, na mtu mzima mwenyewe huchoka.

MIGUU IKIGOMA

Mara nyingine, mlangoni au katika foleni, miguu ya mgonjwa hugoma kana kwamba imegundishwa chini. Msindikizaji asimvute mkono, maana atamwangusha. Amwache asimame na apumue. Kisha wahesabu pamoja: moja, mbili, tatu. Mgonjwa ainue mguu juu kama anayevuka gogo. Mara nyingi mguu utakubali.

KADI YA MFUKONI

Polisi au karani wa mpakani akimwona mtu anayumba na sauti yake haisikiki, huweza kudhani amelewa. Hapa ndipo kusoma na kuandika kunapomfaa mgonjwa. Aandike kadi hii, aiweke mfukoni:

"Jina langu ni ________. Nina ugonjwa wa Parkinson. Natetemeka na ninakwenda polepole. Sijalewa. Tafadhali nipe muda. Dawa yangu ni ________. Naimeza saa ________. Simu ya nyumbani ni ________."

Upande wa pili, mwalimu au mganga wa zahanati amsaidie kuandika maneno hayo hayo kwa Kiingereza.

Wapo waliotangulia. Muhammad Ali, bondia wa Marekani, alifika Tanzania mwaka 1980. Mwaka 1984 madaktari walimwambia ana ugonjwa huu. Hakujifungia ndani. Mwaka 1996, huko Atlanta, aliwasha mwenge wa michezo ya Olimpiki kwa mikono inayotetemeka, na dunia nzima ikimtazama. Aliendelea kusafiri nchi nyingi.

Kwa hiyo majirani wa mzee wetu wasimwambie akae nyumbani. Wamwulize, "Dawa umeiweka wapi? Kadi unayo? Nani anakusindikiza?" Akiwa na majibu matatu, basi aende akamwone mtoto wake.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini mgonjwa hapaswi kufungia dawa yake ndani ya mzigo mkubwa?

2. Utafanya nini ukimwona mtu amekwama mlangoni?

3. Je, kijijini kwenu yuko mtu anayetetemeka ambaye hajapimwa? Mtamshauri aende wapi?

4. Andika kadi ya mfukoni, halafu msomee mwenzako.