It Takes Two: Gemu Iliyotupatanisha, Ingawa Ina Walakini

Umewahi kununiwa siku nne mfululizo ndani ya nyumba yako mwenyewe? Mimi yamenikuta. Chanzo kilikuwa ada ya shule ya binti yetu, ambayo kila mmoja alidhani mwenzake keshalipa. Kutoka hapo nikaingiza mambo ya mama yake, naye akaingiza mambo ya kazi yangu. Basi, kimya! Tukawa tunaongea kupitia mtoto: "Kamwambie baba chakula tayari."

Jumamosi usiku mume wangu akanisogezea pedi ya pili ya PlayStation. "Hii haichezeki peke yako," akasema. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu tangu Jumanne.

Gemu yenyewe inaitwa It Takes Two. Tumeshaimaliza mara mbili na naipenda kweli, ila kupenda si kufumba macho. Ngoja nikupe mazuri na mabaya yake.

Ni gemu ya namna gani?

Ilitoka Machi 2021. Imetengenezwa na Hazelight Studios ya Stockholm, Sweden, chini ya Josef Fares, mzaliwa wa Beirut ambaye kabla ya gemu alikuwa mtengeneza filamu. Desemba mwaka huo huo ilitwaa tuzo ya gemu bora ya mwaka kwenye The Game Awards, na kufikia Februari 2023 zilikuwa zimeuzwa nakala zaidi ya milioni 10.

Cody na May ni mume na mke walioamua kuachana. Binti yao, Rose, analia, machozi yanadondokea wanasesere wawili aliowatengeneza, na wazazi wanajikuta wamegeuka kuwa wanasesere hao. Baba ni wa udongo, mama ni wa mbao. Halafu anatokea Dk. Hakim, kitabu kinachoongea, chenye masharubu na kiherehere cha mshenga, anayewalazimisha washirikiane ndipo warudi kuwa watu.

Kwa nini naipenda

Kwanza, hakuna wa kumbeba mwenzake. Skrini imegawanywa, kila mtu na upande wake na kifaa chake. Kwenye banda la zana, Cody anarusha misumari ukutani na May anaining'inia kwa nyundo ili avuke. Kwenye mti, mmoja anarusha utomvu na mwingine anaulipua kwa kiberiti. Kwenye saa ya ukutani, Cody anarudisha muda nyuma na May anajitengenezea pacha wake. Kila sura inaleta vitu vipya, kwa hiyo huchoki. Ndani ya nusu saa nilikuwa nimeshasema "subiri!", "piga sasa!" na "haya, ruka!" mara nyingi kuliko maneno yangu yote ya siku zile nne.

Pili, haina roho mbaya. Ukifa unarudi mara moja, hukatishwi tamaa. Njiani kuna vijimchezo 25 vya kushindana ninyi wawili, na huko ndiko nilikomlipizia kisasi.

Tatu, inajali mfuko. Mwenye nakala moja anaweza kumwalika mwenzake wacheze kwa intaneti bila yule wa pili kununua yake. Kama mmoja yuko Dar na mwingine kapangiwa kazi Mwanza, hapo mmepata.

Panaponikera

Usiambiwe kwamba ni rahisi kwa kila mtu. Kutembea kwa dole gumba moja na kugeuza kamera kwa jingine kulinishinda kabisa saa ya kwanza. Nilitumbukia shimoni mpaka mume wangu akaanza kuguna, na ugomvi ukanukia upya. Na ukibaki mwenyewe nyumbani ndiyo basi, maana hakuna namna ya kuicheza peke yako.

Lakini kasoro kubwa ni ya tembo. Cody na May wanaamini kuwa Rose akilia tena uchawi utaondoka, kwa hiyo wanaamua kumuua tembo wake wa kuchezea anayempenda kuliko wote. Tembo anawaomba wamhurumie huku wakimburuta, na wanaobonyeza vitufe ni ninyi. Hatukujua kwamba binti yetu ameamka. Alikuwa amesimama mlangoni na kanga yake begani.

"Mama, mbona mnamfanyia hivyo? Si wa mtoto wao?"

Sikuwa na jibu. Mume wangu akaweka pedi chini. Nadhani wote wawili tulimkumbuka yule tarishi wetu wa miaka sita, aliyekuwa akipeleka ujumbe jikoni na sebuleni wiki nzima.

Kwenye gemu, Rose analia kweli, uchawi hauondoki, na safari inaendelea. Wazazi wale hawapewi hata dakika ya kujutia walichomfanyia mtoto. Na mwisho wake unanipa shida hiyo hiyo. Cody anarudia bustani yake, May anaimba tena, mapenzi yanafufuka. Sawa, lakini hawa waligombana kwa sababu mmoja hashindi nyumbani na mwingine anaona hathaminiwi. Jumatatu asubuhi nani ataosha vyombo?

Ununue?

Nunua. Mimi naipa nane kwa kumi. Ila mlaze mtoto kwanza, mwenye uzoefu awe mvumilivu, na usiitegemee imalize ugomvi wenu.

Sisi ule usiku tulimrudisha binti yetu kitandani, tukazima runinga, tukaongea mpaka saa nane. Mambo ya mama mkwe hatukuyamaliza. Jumatatu tulikwenda shule pamoja, tukalipa ada, na risiti akakabidhiwa mwenyewe binti yetu. Hiyo ndiyo barua ya mwisho aliyotubebea.