Neno "Uproar" Halina Simba Ndani Yake

Mpenzi msomaji, je, umewahi kuponea chupuchupu kwa sababu ya neno moja? Mimi nimewahi. Muhula uliopita mwalimu alichelewa, nasi tukapiga kelele si haba. Kiranja akaandika kwa Kiingereza ati Kidato cha Tatu kilikuwa katika "uproar". Naibu wa mwalimu mkuu alipoisoma ripoti akatuuliza, "Hizi zilikuwa kelele au mlikuwa mnagoma?" Tukanyamaza kimya kama maji mtungini.

Swali hilo lilinipeleka maktabani mbio. Wengi wetu hudhani neno hili limeundwa na "up", yaani juu, na "roar", yaani kunguruma kama simba. Kumbe sivyo hata kidogo! Lilitoka ng'ambo ya bahari. Waholanzi husema "oproer", na Wajerumani husema "Aufruhr". Hiyo "op" ya Kiholanzi ni juu kweli, lakini "roer" ni mtikisiko, kama wa kitu kinachokorogwa. Maana ya asili basi ni watu kuinuka dhidi ya wakubwa wao, yaani maasi.

William Tyndale alilitumia neno hili mwaka wa 1526 katika Agano Jipya alilotafsiri kwa Kiingereza. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 21, anatajwa Mmisri aliyeongoza watu 4,000 jangwani. Huyo si mpiga kelele tu, alikuwa mwasi! Lakini masikio ya Waingereza yakasikia "roar" yao ndani ya neno la wageni. Polepole maana ikasogea kutoka kwa maasi hadi kwa kelele.

Basi nikamwendea naibu, nikasema, "Samahani mwalimu, sisi tulikuwa na kelele tu, hatukuasi." Nikamweleza habari za Waholanzi. Akacheka. Badala ya kutumwa nyumbani kuleta wazazi, tukafagia uwanja siku tatu.

Viranja wenzetu, Kiswahili kina maneno tele: kelele, zogo, rabsha, ghasia, maasi. Kila moja lina uzito wake, na adhabu yake pia! Kabla hamjaandika, lipimeni neno kwanza. Na msipolijua, ulizeni, maana kuuliza si ujinga.