Picha za Malori ya Masafa Marefu na Soko Lake

Semi-trela lililobeba kontena la futi 40 lina urefu unaozidi mita 15 na kimo cha takriban mita 4. Umbo hilo ni gumu kwa kamera. Likipigwa ubavuni hugeuka mstari mwembamba, anga tupu juu na lami tupu chini. Likipigwa usoni, trela lote hujificha nyuma ya kichwa. Kwa sababu hiyo wapiga picha wengi husimama upande wa mbele, pembeni kidogo, ili kichwa kionekane vizuri, na ubavu mmoja urudi nyuma mpaka tairi la mwisho. Kamera ikishushwa hadi usawa wa taa za mbele, lori hupata ukuu wake.

Lenzi pana ikisogezwa karibu huvimbisha bampa na kuyafanya matairi ya nyuma yaonekane madogo kuliko yalivyo. Lenzi ya milimita 70 hadi 200, ikitumika kwa mbali, huhifadhi uwiano wa gari na pia huvuta milima ya nyuma iwe karibu. Udhaifu wake hujitokeza mchana: lami iliyopata moto hutikisa hewa, na picha ya lori lililo mbali hukosa ukali hata kwa lenzi ya bei kubwa. Dawa ni kusogea karibu au kurudi asubuhi.

Karibu na ikweta jua la saa sita huwa karibu wima. Paa la kichwa hung'aa kupita kiasi, huku grili na matairi yakizama gizani. Saa mbili za kwanza baada ya macheo na mbili za mwisho kabla ya machweo ndizo zinazofaa. Jua likishazama, mwanga unaofaa kwa kupiga lori lililowasha taa hudumu kama dakika 20 tu, kwa hiyo mahali pa kusimama pachaguliwe mapema. Taa za LED huwaka na kuzima kwa kasi ambayo jicho haliioni, na kamera iliyowekwa kwenye kasi kubwa ya shata inaweza kuzinasa zikiwa zimezima. Kasi ya 1/60 ya sekunde au chini yake hupunguza tatizo hilo. Flashi iliyo juu ya kamera ina kasoro yake: stika za kuakisi mwanga zilizobandikwa ubavuni hurudisha mwanga wote kwenye lenzi na kuunguza picha. Kichujio cha polaraiza husaidia kuondoa mng'ao kwenye kioo cha mbele na kwenye rangi, ila hakifanyi kazi kwenye kromu na chuma kitupu.

Lori lililo mwendoni linahitaji uamuzi mwingine. Kasi ya 1/1000 husimamisha hata matairi, na gari huonekana limeegeshwa. Kasi ya 1/60, kamera ikizungushwa kulifuata lori, huacha kichwa kikiwa wazi huku barabara ikikimbia nyuma yake. Picha nyingi za namna hii huharibika, lakini ile moja inayofanikiwa ndiyo wahariri wanayoitaka.

Afrika Mashariki ina mandhari ambayo wauzaji wa picha wa mabara mengine hawanayo. Barabara ya TANZAM kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma hupita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa takriban kilomita 50, kisha hupanda Mlima Kitonga mkoani Iringa, ambako malori hujipinda kwenye kona kali yakiwa yamefuatana. Tunduma, mpakani na Zambia, kuna foleni za malori yanayokwenda na kutoka Kongo, mengine yakiwa na shaba ya kupelekwa bandarini. Upande wa Kenya, barabara ya Mombasa hadi Malaba ina mizani ya Mariakani na mteremko wa Mai Mahiu unaotazama Bonde la Ufa. Maandishi kwenye vizuia matope, turubai zilizofungwa kwa kamba, utingo akikagua tairi kwa kuligonga: hayo yote ni ya barabara hizi, na yanastahili kupigwa kwa heshima.

Kona za Kitonga na Mai Mahiu si mahali pa kusimama. Lori lililojaa mzigo halisimami ghafla likiwa mteremkoni, na mtu aliyepiga magoti ukingoni mwa lami haonekani na dereva anayetoka konani. Anayetaka picha ya mlima atafute sehemu ya juu iliyo mbali na lami, au aombe ruhusa ya kupiga kwenye yadi. Bandarini, mpakani na kwenye mizani, ruhusa iombwe kwa wahusika kabla ya kamera kutolewa mkobani. Droni inahitaji kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga, TCAA kwa Tanzania na KCAA kwa Kenya. Tena picha ya lori la shaba isirushwe mtandaoni siku hiyo hiyo: mzigo huo hutafutwa na wezi, na picha inayoonyesha lilipo inaweza kumponza dereva.

Sokoni, kinachouzwa ni leseni, yaani haki ya kutumia picha kwa namna fulani kwa muda fulani. Leseni ni za aina mbili kubwa. Ya kihariri hutumika kwenye habari, vitabu na ripoti, na huruhusu nembo za kampuni kuonekana maadamu maelezo ni ya kweli. Ya kibiashara hutumika kwenye matangazo ya bima, mafuta, matairi au benki. Hapo nembo na namba za gari hufutwa, na kila mtu anayetambulika lazima awe ametia saini fomu ya ridhaa. Dereva aliyekubali kupigwa kwa maneno tu, kwa tabasamu la kituoni, hajatoa ridhaa ya kuonekana kwenye bango la bima. Fomu ibebwe kila safari, iwe kwa Kiswahili, na isomwe pamoja naye.

Njia inayojulikana zaidi ni maghala ya picha mtandaoni kama Shutterstock, iStock na Alamy. Maghala hayo yanampokea yeyote anayefikia viwango, lakini malipo ni madogo: tangu Juni 2020 Shutterstock hulipa mchangiaji asilimia 15 hadi 40 kulingana na mauzo yake ya mwaka, na picha moja inaweza kumletea senti 10 za dola. Anayeanza na ghala peke yake hujinyima. Picha zinazofaa kule ni zile zenye maelezo kamili: aina ya lori, mzigo, mahali na mwezi, kwa Kiingereza, kwa kuwa ndiyo lugha wanayotafutia wanunuzi wengi. Neno "lori" bila mahali huizamisha picha kati ya nyingine zisizo na idadi.

Mteja bora yuko karibu zaidi. Kampuni ya usafirishaji yenye malori mengi inahitaji picha za tovuti, kalenda, zabuni na mkopo wa benki, na mara nyingi inatumia zilizopigwa kwa simu ya meneja. Watengenezaji wa matrela, wauzaji wa matairi na vyama vya wenye malori kama TATOA ya Tanzania na Kenya Transporters Association nao huchapisha picha. Marekani, ambako baadhi ya madereva wana malori yao wenyewe, mnunuzi anaweza kuwa mwenye gari: huliremba kwa kromu na kulipeleka kwenye Mid-America Trucking Show ya Louisville, inayofanyika tangu 1972, na hutamani kuliona kwenye jarida kama Overdrive, lililoanzishwa 1961.

Kazi ya kuagizwa iwe na mkataba. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, hakimiliki ya kazi iliyoagizwa huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa wahusika wakikubaliana vingine. Mkataba useme picha ni za nani, zitatumika wapi na hadi lini, na kama mteja anazipata peke yake. Bei hutokana zaidi na majibu hayo kuliko idadi ya saa zilizotumika kazini. Kila leseni iandikwe kwenye daftari pamoja na tarehe ya mwisho wake, kwa sababu picha iliyouzwa kwa haki za pekee haiwezi kupewa mteja mwingine mpaka muda huo uishe.